Mpiga taipu wa Mikelenge na mistari mitatu ya mwisho

Saa moja na nusu asubuhi, Mama Euphrasie Onema anafungua dirisha la mbao la kibanda chake katika komuni ya Mikelenge, mjini Kindu, mkoani Maniema, anapangusa kioo cha kompyuta kwa ncha ya kitenge, kisha anaketi mbele ya daftari la zamani lililowekewa jiwe ili upepo usilifunge. Anasoma mstari, anaupiga. Anasoma mwingine, anaupiga. Vidole vyake vinagonga herufi kwa nguvu isiyo ya lazima, maana vilijifunza kazi kwenye mashine za chuma ambazo hazikujua kubembelezwa.

Halafu anaacha. Daftari halijafika mwisho. Kurasa mbili nzima zimebaki, zimejaa mwandiko mzuri wa mwalimu wa zamani. Kompyuta nayo haina neno, inangoja tu. Mama Euphrasie anaweka kidole kwenye kioo, chini kidogo ya sentensi aliyotoka kuiandika.

"Hapa," anasema. "Hapa njo karatasi ilikuwa inaisha."

Ana miaka hamsini na minne, mzaliwa wa Kailo, mama wa watoto wanne na bibi wa wajukuu ambao, kwa maelezo yake, hesabu yao bado haijafungwa. Kazi yake hapa inaitwa sekretaria: mtu anakuja na shida iliyo kichwani, yeye anaitoa ikiwa kwenye karatasi. Maombi ya kazi, malalamiko ya mpaka wa shamba, tangazo la msiba, barua kwa mchumba aliyeko Lubutu na hapokei simu. Ukurasa mmoja ni faranga elfu moja. Siku njema anapiga kurasa kumi na tano. Siku ya mawingu, paneli ya jua ikigoma, anashusha taipureta kutoka juu ya kabati na kurudi ujanani.

Daftari la leo, hata hivyo, si la mteja wa kawaida. Ni la Mwalimu Ismaël Lusangi, na hapa Kindu ukilitaja jina hilo mbele ya mtu wa miaka thelathini na tano au arobaini, tafuta kabisa mahali pa kukaa, kwa sababu utasimuliwa.

Mwalimu alifariki mwaka 2011. Aliacha hadithi arobaini na nane za watoto, alizozitunga wakati wa vita, moja kila mwezi, kuanzia Januari 1999 hadi Desemba 2002. Hazijawahi kuwa kitabu. Zilikuwa kurasa moja moja zilizochapwa kwa mashine ya mkono ya shule. Zilisomwa darasani Jumamosi ya mwisho wa mwezi, zikaenda nyumbani na watoto, zikavuka mto hadi Alunguli, zikaazimwa, zikakunjwa, zikachanika. Waliozisoma wakiwa wadogo hawajazisahau, na wanachokumbuka kwanza ni jinsi zilivyokuwa zinakwisha.

Arsène, mwendesha pikipiki wa miaka thelathini na sita, alikuwa na miaka kumi hadithi ya kwanza ilipotoka. Ilihusu mvulana mchoyo aliyejificha ndani ya chungu kikubwa cha karamu ili ale peke yake. Mwisho wake anaujua bila karatasi, na anausema amesimama wima mithili ya mwanafunzi: "Bibi hakuchungulia ndani ya chungu. Akawasha moto. Siku ile kila mtu alipata nyama, na hakuna aliyenyimwa."

Anacheka mpaka anashika usukani wa pikipiki. Kisha anakuwa mtu mzima tena. Anaeleza kwamba siku zile reli ilikuwa imekatika, chumvi inauzwa kwa kijiko, na kila njia ya kutoka mjini ilikuwa na watu wenye bunduki, wa upande huu au wa upande ule. Mtoto akiuliza lolote, wakubwa walikuwa na jibu moja tu.

"Kila mukubwa alikuwa anatuambia, mutulie, iko muzuri," anasema. "Na shiye tulikuwa tunajua haiko muzuri. Mwalimu peke yake hakutudanganya. Mu hadisi yake mutoto mubaya anapikwa, na tunacheka. Unasikia? Tulikuwa tunacheka. Mu ile vita."

Kwa zaidi ya miaka ishirini, mji mzima uliamini kwamba miisho ile ya kutisha na kuchekesha ilitoka katika kalamu ya Mwalimu Ismaël. Mtu mmoja tu alijua kwamba sivyo, naye alikuwa amekaa Mikelenge akipiga barua za watu.

Ili kuelewa, lazima kwanza uijue stensili. Ni karatasi laini yenye nta. Unaiingiza kwenye taipureta, herufi zinaitoboa, kisha unaifunga kwenye mashine iitwayo roneo, unazungusha mkono wa mashine, na wino unapita katika vitundu hadi kwenye karatasi nyingine. Stensili moja inatoa nakala mia tatu na zaidi. Pembeni yake zimechapwa namba zinazohesabu mistari, kuanzia moja hadi sitini na nne. Ukifika sitini na nne, umefika. Sitini na tano haipo.

Vita vilipoufunga mji, shule ya Mwalimu Ismaël, ambako Euphrasie alikuwa karani wa miaka ishirini na minane, ilibaki na maboksi mawili ya stensili, ishirini na nne kila boksi. Mwalimu akapiga hesabu yake: hadithi moja kwa mwezi, miaka minne. Walimu wenzake walimcheka. Wao wenyewe wangekula nini hiyo miaka minne? Mwalimu aliwajibu kwamba habari ya chakula iko mikononi mwa Mungu na mashamba, lakini watoto wasipokuwa na cha kusoma, hapo lawama ni ya walimu.

Karatasi zilipatikana stesheni: fomu za mizigo ya treni isiyokuja, wakazichapa upande wa nyuma. Wino ulipokwisha mwezi wa tatu, Euphrasie alichanganya masizi ya taa na mawese, akajaribu mara saba mpaka mashine ikakubali. Tangu hapo hadithi zikawa zinanukia jiko. Watoto walizinusa kabla ya kuzisoma, na panya nao walizipenda kupita kiasi, ndiyo maana leo nakala nzima ni za kutafutwa kwa tochi. Euphrasie aliweka moja ya kila hadithi ndani ya sanduku la bati, na hakumwambia mtu.

Sasa, Mwalimu Ismaël, Mungu amrehemu, hakuwa mtu wa maneno machache. Alianza hadithi kwa utamu wa ajabu, akaipandisha mpaka msikilizaji anasahau kumeza mate, lakini ikifika mahali pa kumalizia, ualimu unamshika. Mtoto mbaya anatubu. Wazee wanamsamehe, mmoja mmoja, kwa majina yao. Kisha zinafuata kurasa mbili zinazoanza na "Basi, watoto wapendwa, tunajifunza nini?"

Alikuwa akileta daftari siku ya Alhamisi. Ijumaa mchana, Mwalimu akiwa msikitini, Euphrasie alipiga stensili. Ijumaa ya kwanza alipiga kwa raha zake mpaka akatupa jicho pembeni na kuona namba sitini na moja. Mvulana bado yumo ndani ya chungu. Daftari lina kurasa mbili na nusu mbele.

Kuchukua stensili ya pili kulimaanisha mwezi mmoja watoto wakose. Kukata hadithi katikati kulimaanisha aibu mbele ya darasa zima. Vanishi ya kufutia makosa ilikuwa imekauka tangu Krismasi, na wa kuulizwa yuko kwenye swala. Euphrasie alibaki mikono hewani, akijiuliza yule bibi wa hadithini mwenyewe angefanya nini. Bibi amerudi shambani, amechoka, wageni wanakuja. Angewasha moto. Basi akamwachia awashe.

"Niliandika mistari tatu, mbio mbio," anasimulia. "Nikasema, Mungu wangu, nimepika mutoto wa Mwalimu."

Jumamosi asubuhi Mwalimu alichukua nakala ya juu, akaisoma amesimama mlangoni. Alipofika chini alivua miwani, akaipangusa kwa kanzu, akaivaa, akasoma tena. Akaingia darasani na kuisoma kwa sauti, na Euphrasie, aliyekuwa ofisini akingoja kufukuzwa kazi, alisikia kelele ambayo hakuitambua mara moja. Kilikuwa kicheko cha watoto sitini.

Anasema alikuwa hajasikia watu wengi wakicheka pamoja tangu mwezi wa nane wa mwaka uliotangulia. Alipiga magoti pale pale kando ya roneo. Hadi leo hajui kama alikuwa anaomba msamaha au anashukuru.

Mwezi uliofuata Mwalimu alileta daftari refu vile vile, lenye mafunzo yale yale. Euphrasie alipoona sitini na moja, akafanya tena. Ikaenda hivyo miezi thelathini: mwalimu anamwokoa mtoto kwenye daftari, karani anammaliza kwenye stensili, na kati yao hakuna anayetamka neno. Kulikuwa na hadithi ya mwalimu aliyependa mno kuchapa wanafunzi. Kwenye daftari anaitupa fimbo mtoni na kulia. Kwenye stensili: "Fimbo ikamzoea, ikawa hailali bila yeye. Wakazikwa pamoja."

Wauza mchele sokoni walikuwa wakiwasimamisha watoto wasome mbele ya magunia. Wanawake waliokaa matangani walizikariri, wakafunika midomo kwa vitenge ili wasionekane wanacheka msibani. Euphrasie alipita katikati yao na kilo yake ya mchele, akisikia maneno yake yanachekwa, na hakuna aliyegeuka kumtazama. Hakuona ubaya. Ile ilikuwa heri yake, ya kutosha mwezi mzima.

Hadithi ya thelathini, Juni 2001, ilihusu askari aliyefika kwa mjane na kumtaka kuku wake wa mwisho. Kwenye daftari askari anaona haya, anamrudisha kuku, anamwezekea mama nyumba. Kwenye stensili ilibaki mistari mitatu: "Kuku akachoka kungoja. Akamla askari, na kofia yake. Viatu akaviacha, maana vilikuwa vya mtu mwingine."

Mji mzima ulijua wenye bunduki walikuwa wanatembea na viatu vya nani. Ndani ya siku mbili "viatu akaviacha" ikawa salamu ya mtaani. Jumatatu asubuhi afisa mmoja alifika shuleni, ukurasa mkononi.

Euphrasie alikuwa kwenye mashine, wino umemfika viwikoni. Mwalimu alikuwa mlangoni, mikono yake myeupe kwa chaki. Afisa akauliza nani aliandika mistari ile ya mwisho. Euphrasie anakumbuka kwamba alifungua kinywa. Anakumbuka pia jinsi Mwalimu alivyogeuka na kumwagiza, kwa sauti ile ile ya kuagiza wanafunzi, aende akanawe, anachafua karatasi. Akaenda. Miguu ilimpeleka tu, anasema, kichwa hakikushauriwa. Nyuma yake akasikia maneno mawili.

"Ni mimi."

Walimshikilia siku tatu. Alhamisi jioni alionekana akija peku kando ya reli, taratibu, na vidole viwili vya mkono wa kulia havikukunjika tena maishani. Walimu na majirani walijaa uani kwake. Mwalimu aliketi, akaomba maji, akanywa, akawazungusha macho wote.

"Mie walinirudisha," akasema. "Viatu, walibaki navyo."

Ua mzima ulicheka, wengine machozi yanawatiririka. Euphrasie hakucheka. Alielewa pale pale kwamba Mwalimu alikuwa akisoma kila mstari tangu chungu cha kwanza, na kwamba amelipa kwa mwili wake sentensi ambayo hakuiandika.

Anaposimulia hapa, Mama Euphrasie anaondoa mikono kwenye herufi. Amewaona mashujaa wengi wa kupiga kelele, anasema, vita vilikuwa vimejaa hao. Mtu wa kunyoosha mkono akalichukua kosa la mwenzake bila hata kumtazama, hajamwona tena.

Baada ya hapo madaftari yalibadilika. Mwandiko sasa ulikuwa wa mkono wa kushoto, umelala huku na huku. Na hadithi zilikuwa zinakatika. Zinafika pale pa kushika pumzi, nukta, kisha karatasi tupu. Hakuna toba, hakuna wazee, hakuna "tunajifunza nini". Kumi na nane za mwisho zilimfikia Euphrasie hivyo, na zote akazimalizia. Hakuthubutu kuuliza. Moyoni alijiambia kwamba Mwalimu anamwachia nafasi, na neno hilo akaishi nalo.

Stensili ziliisha. Amani ikaja mwaka uliofuata, kwa kuchechemea, kama inavyokuja. Mwalimu alistaafu, akafa. Kwenye matanga yake Euphrasie alipika mchele pamoja na wanawake wengine, akasikia waombolezaji wakikariri miisho ile kwa kupokezana, akakoroga sufuria.

Kwa nini hakusema? Anajibu bila kufikiri, maana alishafikiri miaka mingi. "Alisema ni yeye. Nikisema ni mie, namugeuza mwongo. Na yote walimufanyia inakuwa ya bure."

Siri hiyo angeenda nayo kaburini kama si Sharifa. Ni binti wa Mwalimu, mkunga mwenye miaka thelathini na mitatu, mwanamke wa kusema mara moja. Mwaka huu alipata wachapishaji wadogo wa Kisangani walio tayari kuzifanya hadithi za baba yake kitabu. Akayatoa madaftari yote sandukuni, akampelekea karani wa zamani wa baba, akampa agizo moja: yapigwe neno kwa neno. Miisho ya kwenye karatasi aliikumbuka vizuri tangu utotoni. Aliamini baba aliibadilisha dakika za mwisho kwa kukosa nafasi, na sasa alitaka watu wasome alichokusudia hasa.

Kompyuta haina mstari wa sitini na nne. Kwa wiki tatu Mama Euphrasie alipiga toba na misamaha, na watoto wote wakatoka ndani ya chungu wakiwa hai. Anakiri kwamba aliwafurahia kidogo. Anakiri pia kwamba mara mbili usingizi ulimpitia juu ya herufi.

"Mwalimu alikuwa mutu wa Mungu," anasema, akichagua maneno. "Lakini ile mafunzo, mafunzo ilikuwa murefu."

Kilichomnyima raha ni kumfikiria mtoto wa leo akifika "tunajifunza nini" na kukifunga kitabu. Jina la Mwalimu lingebaki jina la mzee mmoja aliyependa kuhubiri. Na bado hakuona njia ya kulisema hilo bila kusema yote.

Ndipo Sharifa akaja asubuhi moja na swali. Alikuwa amepitia orodha na kuona hadithi kumi na nane hazina mwisho kwenye madaftari. Alitaka kujua nani amezichana kurasa, au kama ni panya.

Neno panya lilikuwa limeshafika mdomoni, Mama Euphrasie anakiri. Panya wa Kindu wamebeba makosa mengi ya watu, moja zaidi lisingewalemea. Badala yake alivuta kiti, akamwomba Sharifa akae, na akaanza na chungu. Sharifa hakukaa. Alisikiliza amesimama mpaka kwenye viatu. Siku baba yake aliporudi peku, yeye alikuwa na miaka tisa, na ndiye aliyemmwagia maji miguuni.

"Baba alipigwa juu ya maneno yako," akasema.

"Ndiyo, mwanangu."

"Na haya ya mwisho, hakukuachia kitu. Mukono ilikuwa inamuuma. Njo maana hakumaliza."

Akayakusanya madaftari yake akaondoka. La kwanza Mama Euphrasie alikuwa amelitarajia, alikuwa analistahili, na alilipokea. La pili ndilo lililomlaza. Ikiwa Sharifa yuko sahihi, basi miezi kumi na minane hakuna aliyemwachia nafasi yoyote. Kulikuwa na mtu mwenye maumivu asiyeweza kumaliza kazi yake, na karani wake akajisevia.

Wiki mbili alifanya kazi ovyo. Alimwandikia mtu maombi ya udereva akamtaja kuwa muuguzi. Alirudisha pesa za watu watatu. Wanawe walidhani ni malaria, wakamletea dawa, akanywa kwa kuwa hakuwa na la kuwaeleza.

Siku ya kumi na tano Sharifa alirudi, na safari hii alikaa. Kwenye mfuko wake mlikuwa na madaftari ambayo Mama Euphrasie hakuwahi kuyaona. Yalikuwa maandalio ya masomo ya baba yake, hesabu na jiografia, ya miezi ile ile ya 2001 na 2002. Sharifa alifungua moja, akaliweka kando ya daftari la hadithi la wiki ile ile. Mwandiko ulikuwa mmoja, wa mkono wa kushoto, umelala huku na huku.

Somo la hesabu za sehemu lilikuwa na kurasa sita. Utangulizi, mifano, mazoezi, na mwishoni ukurasa mzima ulioanza na "Basi, watoto wapendwa, tumejifunza nini?" Sharifa akafunua la pili, la tatu, la kumi. Mito ya Maniema imekamilika. Kugawanya kwa tarakimu mbili kumekamilika. Katika miezi kumi na minane hakuna somo hata moja lililokatika. Zilizokatika ni hadithi tu.

"Mukono ilikuwa na nguvu ya kumaliza hesabu," Sharifa akasema. "Hadisi alikuachia."

Mama Euphrasie hajaona sababu ya kuficha kwamba alilia. Alilia kwa sauti, dirisha likiwa wazi, na mteja aliyekuja na tangazo la msiba akadhani ni ndugu wa marehemu, akampa pole. Mtu aliyekuwa hawezi kukunja vidole, mwenye kila sababu ya kumkasirikia, alikuwa ameketi mwezi baada ya mwezi akiandika kwa tabu mpaka mahali palipo patamu, kisha akaweka kalamu chini kwa makusudi. Yeye ambaye maisha yake yote hakuwahi kuacha somo bila mafunzo. Mama Euphrasie anasema hajui hata leo akiweke wapi kitu kikubwa hivyo.

Walikubaliana siku ile ile. Kitabu kitatoka na miisho ya stensili, yote arobaini na nane, kutoka kwenye sanduku la bati. Sharifa alitaka pia ukurasa wa jina uandaliwe palepale. Mama Euphrasie akapiga kichwa cha kitabu, akapiga jina la Mwalimu Ismaël Lusangi, akasema basi, inatosha. Sharifa akamwomba ampishe kwenye kiti. Akaketi, na kwa kidole kimoja, akiitafuta kila herufi, akaandika chini yake: Miisho na Euphrasie Onema. Jina alilikosea mara mbili kabla ya kulipata.

Habari ilipozagaa, Arsène alikuwa wa kwanza kufika. Miaka mingi amepigiwa karatasi za pikipiki yake katika kibanda hiki, na mara moja aligombana na mwenye kibanda juu ya faranga mia mbili. Alisimama dirishani muda mrefu akimtazama. Siku hizi akipita anazima injini kwanza, ndipo anasalimu.

Mama Euphrasie anamaliza kupiga hadithi zilizobaki mwezi huu. Baada ya hapo ana mpango wake. Tayari kila Ijumaa mchana anafunga dirisha, anaandika kwa biki kwenye daftari jipya, na mwenye haraka ya barua arudi Jumamosi. Anaandika hadithi ya msichana anayesahau kila anachotumwa dukani, na shangazi yake tayari ameshachoka.

"Nimemaliza hadisi makumi ine na munane," anasema. "Kuanza, sijaanza hata moja."

Haiendi haraka. Kumwondoa mtu duniani ilikuwa kazi ya mistari mitatu. Kumfanya aamke, apige mswaki, agombane na dadake na apendwe na msomaji, anasema, ni kazi ya miezi. Na vidole vina mazoea yake. Vikikaribia chini ya ukurasa vinaanza kuwasha, vinataka kumaliza kazi. Basi anageuza karatasi upesi kabla havijampata msichana.

"Ule mutoto amefika ukurasa ya tisa," anasema Mama Euphrasie. "Angali muzima."